Siku Niliyosimama Nyuma ya Mwalimu

Mimi sikuwa na chama. Nilikuwa na nyanya.

Robo eka, juu kidogo ya Tengeru, kwenye kipande alichoniazima mama mkwe wakati mume wangu akihangaika na vibarua vya ujenzi huko Terrat. Sharti lilikuwa moja, na alilisema mbele ya shemeji yangu ili baadaye mtu asiligeuze: "Lima msimu mmoja. Ukivuna, kipande ni chako na mtoto wako. Ukishindwa, kinarudi kwa mdogo wa mumeo." Shemeji akacheka. "Mimi sina haraka, shemeji. Nitasubiri."

Kwetu mlimani, mvua zikishaisha nyanya zinategemea mfereji. Maji yanatoka msituni, yanashuka kwa zamu, kila nyumba na siku yake, na ratiba anaishika mwenyekiti wa mfereji. Zamani wazee walikaa wakakubaliana nani awe mwenyekiti, wakanywa pombe yao ya ndizi, basi. Mwaka huu wakajitokeza wawili: mzee mwenye duka la mbolea na dawa za mimea, na mama mmoja mwalimu mstaafu. Kila mtu alijua nyuma ya kila mmoja kuna chama chake, na kwamba hapo walikuwa wanapimana nguvu kabla ya uchaguzi wa kitongoji. Karatasi za kura zikaonekana usumbufu. Tukaambiwa tupange mstari. Unayemtaka, kasimame nyuma yake, mhesabiwe.

Yaani unapiga kura huku atakayegawa maji anakuangalia usoni.

Mwalimu alikuwa amekuja kwangu mara tatu. Alimpakata mtoto wangu, akasema akichaguliwa ratiba itabandikwa ukutani kila mtu aione, na sisi wenye watoto wachanga hatutapewa tena zamu za alfajiri. Nikamwamini. Nimeishia kidato cha nne, nilifundishwa kwamba kura ni siri. Cha kufanya ikiwa si siri sikufundishwa. Wajanja siku hiyo walijifanya wanafunga kamba za viatu mpaka walipoona mstari upi unarefuka. Mimi nikavuka uwanja mzima na mtoto mgongoni, mama mkwe na shemeji wakiwa tayari upande wa yule mzee. Mama mkwe akaniita kwa sauti ya chini, "We binti, rudi huku." Sikurudi. Nilijiona mtu.

Tulikuwa kumi na wanne. Wale wa upande wa mzee hata hawakumalizwa kuhesabiwa.

Jumanne, siku ya zamu yangu, nikaondoa mawe na magunia yaliyoziba njia ya maji kuingia shambani. Hayakuja. Nikapanda hadi dukani kwa mwenyekiti mpya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Maji yangu hayajafika."

"Aa, ratiba tumeipanga upya. Wewe uko kundi la mwisho."

"Kundi la mwisho ni siku gani?"

"Wakishamaliza wengine." Akamtazama mteja wake, wakacheka wote wawili. "Kwani kiongozi wako yuko wapi? Mwambie akuchotee na ndoo."

Nikampigia mume wangu. Akasema, "Si ungesimama katikati tu?" Nikamwuliza katikati ya mistari miwili wamesimama akina nani. Akasema yuko kazini.

Nikachota mwenyewe. Ndoo kichwani, mtoto mgongoni, toka mtoni hadi shambani, kila siku, wiki tatu. Nyanya hazidanganywi na ndoo. Maua yakadondoka, na zile chache zilizoshika zikaoza kitako, nyeusi chini kama zimechomwa na pasi.

Halafu tukaitwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kusafisha mfereji. Asiyekuja anapigwa faini, kwa hiyo nilikwenda. Maji sikuwa nayo, ila kwenye orodha ya jembe jina langu lilikuwepo, na kipande changu cha kuchimba kilikuwa kimepimwa kwa hatua kama cha mtu yeyote. Nikazoa tope la maji ya watu. Jirani mmoja akaniuliza, "Mwanachama, leo unachimbia chama gani?" Wenzake wakacheka mpaka wakaegemea majembe.

Mchana mwenyekiti akasimama kwenye ukingo. Akatangaza kwamba mwalimu sasa ni makamu wake. Uchaguzi umeisha, alisema, sasa ni ushirikiano, mfereji hauna upinzani. Watu wakapiga makofi. Mwalimu naye akapiga makofi, akakaa karibu naye, wakala ndizi nyama kwenye sinia moja.

Nilimfuata alipokuwa ananawa mikono.

"Mwalimu, ile ratiba ya ukutani?"

"Subira, mwanangu. Nikiwa ndani nitawasaidia zaidi kuliko nikiwa nje."

"Kwako maji yanafika?"

Akajipangusa vidole kimoja kimoja. Mchicha wake tuliuona wote kutoka njiani, kijani mpaka unatia hasira.

Mwisho wa mwezi nikang'oa mashina. Mama mkwe alisimama kwenye migomba akiniangalia. "Nilikuita," alisema. "Ukajifanya husikii." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Kesho yake shemeji akaja na jembe, akanisalimia vizuri kabisa, akaanza kutifua kwa ajili ya maharage. Maji yakamfikia wiki hiyo hiyo.

Sasa nakata maua ya waridi kwenye shamba la watu Usa River. Mtoto namwacha kwa bibi yake.

Juzi Jumapili, baada ya ibada, mwalimu akaja nyumbani. Anagombea kitongoji, na mwenyekiti wa mfereji ndiye anamfanyia kampeni. "Nataka akinamama vijana nyuma yangu," alisema. "Wakikuona wewe, wengine watafuata." Nilikuwa nachomoa miiba kwenye vidole kwa pini. Nikamwambia atafute mtu ambaye bado ana kitu cha kunyang'anywa.

Akasema ananielewa. Akamaliza chai yake, akaenda nyumba ya pili.