Siku Mbayuwayu Waliporudi Kambini

Mume wangu Kabeya alikuwa fundi cherehani, na barazani petu, mtaani Makomeno, mbayuwayu walijenga kila mwaka. Joto likikaza walifika na tope mdomoni. Mvua zikiisha na baridi ikiingia walikwenda zao, sijui wapi. Mimi nilichukia mavi yao kwenye nguo za wateja.

"Leo nabomoa kile kinyumba!" nilimwambia asubuhi moja, ufagio mkononi.

"Wacha, mwanamuke. Beko bageni. Mugeni banamufukuza?"

Alicheka, akaendelea kushona. Hatukujaliwa mtoto, na nadhani ndege wale walimchangamsha.

Katanga ilipojitenga na Kongo, wageni tukawa sisi, Baluba wa Kasai. Watu walipita mlangoni wakisema, "Murudie kwenu." Kwetu wapi, jamani? Nilizaliwa mji huu huu!

Kisha nyumba ya pili kutoka kwetu ikachomwa mchana kweupe.

Kabeya alifunga cherehani kwa turubai, akaifukia nyuma ya jikoni. Tukakimbia na godoro na sufuria.

Kambi ilikuwa uwanda nje ya mji, vibanda vya magunia na mabati, askari wa kofia za bluu wakilinda. Dada yangu Ngalula alikuwa amefika kabla yetu. Kabeya hakuwa na kazi. Alikaa kwenye debe akiwatazama mbayuwayu wakipita juu, maana kambini hapakuwa na baraza ya kujenga.

Mvua zilipokolea, mapigano yakaanza mjini.

Mizinga ililia. Tulilala kifudifudi.

Angani hapakuwa na hata ndege mmoja.

Halafu kukawa kimya. Mvua ikanyesha, ikakatika, kumbikumbi wakatoka ardhini, na mbayuwayu wakashuka kuwadaka karibu kabisa na vichwa vyetu. Wanawake wakaleta mabeseni ya maji wapate kitoweo. Kabeya akasimama. Uso ule sikuwa nimeuona tangu Makomeno.

"Ona! Ndege banarudia. Vita inaisha."

"Banarudia juu ya kumbikumbi, si juu ya vita."

"Naenda kukamata mashini yangu. Bila mashini tutakula nini?"

Nilimshika shati. Akanibandua vidole polepole, akicheka, akashika njia ya mjini.

Mchana tulisikia risasi upande ule.

Sikumwona tena.

Mvua ziliisha. Mbayuwayu wakakusanyika kwenye waya wa ua, na asubuhi moja waya ulikuwa mtupu. Baada yao wakaanza kuondoka watu, kwa treni za Kasai. Ngalula alikwisha funga mizigo yetu sote wawili.

"Panda, mudogo yangu. Kule tuko na bandugu."

"Na Kabeya akikuya, atanikuta wapi?"

Alinikumbatia, akapanda. Kambi ilizidi kuwa tupu, nikabaki naongea na sufuria. Upweke ule simwombei hata aliyetufukuza.

Katanga iliposhindwa, nilirudi Makomeno. Nyumbani kwetu walikaa watu wengine. Mama Kisimba, jirani yetu wa zamani, mzaliwa wa Lukafu, Katanga hiyo hiyo, kwa hiyo hakufukuzwa, alinishika mikono yote miwili. "Hakufika, mama. Ningemuona." Tulichimba pamoja nyuma ya jikoni. Cherehani ilikuwa pale pale, turubai halijaguswa. Nilikaa chini kwenye udongo, nikakosa hata chozi.

Ndugu za Kabeya walikuja kutoka Kasai wakitaka kilio kifanyike. Kwetu mjane hukaa chini kwenye mkeka, akanyolewa, akalia, na wenzake waliomjua marehemu humpokea kilio.

"Maiti iko wapi?" niliwauliza. "Nitakaa chini juu ya nani?"

Waliondoka wamenuna. Lakini ningemuuaje mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe? Mbayuwayu walikuja, walikwenda, na mimi nilisema, tungoje tena. Nikangoja hapo hapo Makomeno hadi nikazeeka. Mama Kisimba akafa, Ngalula akafa, na ndugu wale nao wakaisha.

Mwaka jana nilichoka. Nikatandika mkeka, nikamwita mjukuu wa Mama Kisimba aninyoe. Majirani walikuja kwa heshima, vijana watupu. Wakaniuliza Kabeya alikuwa muntu wa namna gani. Nikawaeleza, wakatikisa vichwa. Kisha nikalia kwa sauti, nikimwita jina. Nikanyamaza kidogo, kama desturi ilivyo, nipokelewe.

Hakuna aliyepokea. Hakuna aliyemjua.