Bao la Baba Yangu Kwenye Kabati la Kioo

Nyie mliokaa jamvini, na wewe uliyeegemea nguzo unajifanya umefuata chaji ya simu tu, sogeeni. Kahawa ipo, kashata zipo, na leo siwasimulii habari ya jogoo wangu aliyemfukuza mbwa kutoka hapa Chamazi mpaka Mbezi Luis. Leo nawasimulia nilivyosalitiwa. Na msianze kuangaliana kwamba mzee ataongeza chumvi. Mie siongezagi chumvi, huwa inaongezeka yenyewe.

Aliyenisaliti mnamjua. Ni mtani wangu, yule Mnyamwezi anayekaa kule bondeni, ambaye mie na yeye tumekula sahani moja tangu meno yetu yako kamili. Na alichonisalitia ni bao la marehemu baba. Nyie vijana mkisikia bao mnafikiria mpira, mie nasema bao lenyewe la mti, la kuchezea kete.

Bao lile baba alilichonga kwa mkono wake, hapa hapa, kwenye mfenesi ulioangushwa na upepo nyuma ya choo. Mfenesi ule ulivyokuwa mkubwa, ulipoanguka watu wa Mbagala walitoka nje wakidhani ni tetemeko. Sasa, kila bao lina shimo la mraba kila upande, tunaliita nyumba, na kila mchezaji anajua nyumba inakaa wapi. Baba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, akazichonga nyumba zote mbili upande usio wake. Mgeni akija kucheza anachanganyikiwa kama mtu aliyeamka kwenye kitanda cha jirani, huku baba anakomba kete tu. Watu walikuwa wanatoka Temeke nzima kuja kufungwa.

Halafu pembeni lina alama nyeusi. Siku moja ya Idd mama alikuwa ananyoosha kanzu, akaweka pasi ya mkaa juu ya bao akaenda kuangalia pilau. Baba alimnunia mama mpaka mwezi mwingine ukaandama, na mama akawa anasema hakuwahi kupata raha kwenye ndoa kama mwezi ule.

Mie baba hakuniachia shamba wala nyumba ya kupangisha. Aliniachia lile bao. Nikiweka kidole kwenye shimo naona kabisa pale ndo kidole chake kilipokuwa kinapita. Kwa hiyo mkisikia nalililia, msiseme mzee analilia ubao.

Baba akafariki. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na kwenye msiba mtani ndo mwenye uwanja, hilo hamhitaji kufundishwa. Mtani wangu alikuja siku ile akatawala. Aliingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza chali, akasema pako pazuri, baba yenu atafute kwengine. Watu walilia wakacheka, wakacheka wakalia. Walipomtoa akaja nyumbani akazunguka vyumbani, akatoka na bao kichwani. Akasema hili nalichukua, mkilitaka njooni mligomboe.

Nilikasirika? Sikukasirika. Mtani hakasirikiwi, ukikasirika umevunja utani na umemtia aibu marehemu. Nikampelekea jogoo kuligomboa. Akamtazama jogoo, akasema huyu amekonda mpaka anafaa kuwa mhubiri wa kufunga, mlishe, arobaini ikiisha uniletee, nikupe bao lako. Nikarudi na jogoo wangu nikaanza kumlisha kama bwana harusi.

Kabla ya arobaini ikanyesha mvua ile mnayoijua, bonde likajaa. Asubuhi mtani akaja kwangu, suruali imelowa mpaka kiunoni, analia. Sio kulia kwa utani, ni kulia na kamasi. Akaniambia maji yameingia ndani yakalibeba bao, amelikimbilia mpaka darajani, ameliona linaelea linakwenda baharini.

Ndugu zangu, mie nilimkumbatia. Nilimwambia asilie, bao ni mti, mtu ni mtu. Nikampa suruali yangu kavu. Tulishuka wote kule bondeni tukapekua matope kwa fimbo, tukapata magodoro, tukapata friji, ningeendelea kidogo ningepata meli. Bao hatukuliona. Nikakaa matanga ya bao, ndiyo, matanga kabisa, jirani wakaja na sukari kunipa pole. Na nani alikaa pembeni yangu akipokea zile sukari? Mtani. Yule jogoo tukamchinja tukamla wote, yeye akachukua paja.

Miaka ikapita. Sasa Idd hii iliyopita, binti yangu anayefundisha shule kule Kinondoni akasema, baba, kila Idd unakaa kwenye jamvi unadanganya watu, leo nakupeleka makumbusho ya historia mjini, na ile bustani yake. Nikasema siendi bila mtani. Nikampigia simu. Goti linamuuma. Nikapiga tena, sasa ni tumbo. Mara ya tatu ni jino, na jino lile mie nilikuwepo lilipong'olewa. Nikamwambia binti basi twende sie wawili, tukapite bondeni kumpa pole. Kumbe kusikia naenda kweli, nakwenda hata bila yeye, akapona vyote kwa mpigo. Tulimkuta mlangoni ameshavaa na kofia.

Bustani ile jamani ni nzuri. Miti mikubwa, majani yamekatwa vizuri kama kichwa cha mwanafunzi, watu wametandika khanga, watoto na maputo, na tausi wanatembea kwa maringo kama wao ndo wenye mji. Mtani akakaa kwenye benchi, akasema hapa panatosha, historia gani tutaiona ndani ambayo sie wenyewe hatujaizeekea. Binti akasema tiketi ameshakata. Mtani akainuka kama mtu anaitwa polisi.

Mwongozaji wetu alikuwa dada mmoja mwembamba, mchangamfu, akatuamkia shikamoo wazee, tukaitikia. Akatuonyesha mafuvu ya watu wa kale. Mtani akanivuta mkono, twende tukaone tausi. Akatuonyesha magari ya wakubwa wa zamani. Mtani akasema anasikia kizunguzungu, twende kwenye upepo, tukaone tausi. Nikamwambia tausi tumewaona, na wao wametuona, wametosheka. Tulipofika mlango wa chumba cha mwisho alisimama mlangoni kabisa, akatanua miguu kama kipa. Dada akamwambia, babu, samahani, tupishe. Akapisha, ila uso wake ulikuwa wa kijivu kama ugali wa mtama.

Mle ndani kuna ngoma, mikuki, vyungu. Na katikati, kwenye kabati la kioo, kumewashwa taa yake peke yake, kumetandikwa kitambaa chekundu, na juu ya kitambaa kuna bao.

Nyumba zake ziko upande usio wake.

Nilisimama. Nikazunguka upande wa pili. Alama ya pasi ipo. Nikawa sisikii kitu, nasikia dada anaongea kwa mbali kama redio ya jirani. Anasema hili bao, wazee wangu, ndo tunu ya chumba hiki. Limetoka Tabora kwa miguu, kichwani kwa mpagazi mmoja shujaa, enzi za misafara ya pembe. Anasema mnaona nyumba zimekaa vibaya? Ni kwa sababu wapagazi walikuwa wanachoka, wanacheza wamelala ubavu, kwa hiyo bao likachongwa la kuchezea ubavu. Akasema na hii alama nyeusi ni moto wa kambi, usiku ule simba walipowazingira, wapagazi wakausogeza moto karibu, bao likaungua kidogo, lakini yule shujaa hakuliachia.

Moto wa kambi. Pasi ya mama yangu hiyo. Simba gani, labda pilau.

Nikamuuliza dada taratibu, hiyo habari umeitoa wapi mwanangu. Akasema aliyelitoa ni mjukuu wa yule mpagazi, mzee mmoja wa bondeni huko, tulimwalika siku tunafungua chumba hiki, akakalishwa kiti cha mbele, akasimulia mwenyewe mpaka watu wakatoa machozi. Halafu akageuka kumtazama vizuri mtani wangu, akaweka mkono mdomoni. Akamwambia, "Babu, si ni wewe? Mbona hukusema ukaingia bure?"

Mie kwenye maisha yangu nimedanganya sana, nakubali mbele yenu. Lakini uongo wangu mie unaishia hapa jamvini, mkimaliza kahawa umekwisha. Wa mwenzangu umewekewa kioo na taa, na watoto wa shule wanapelekwa kwa basi kuusikiliza.

Nilitoka nje mpaka bustanini nikakaa kwenye majani, si kwenye benchi, kwenye majani. Binti akabaki mbali kidogo, ananijua. Mtani akaja akakaa pembeni yangu bila kukaribishwa. Tausi mmoja akaja akasimama mbele yetu, tukamtazama wote kama tumemlipia.

Nikamwuliza kama bao lilifika baharini. Nikamwuliza zile kamasi zilikuwa za nani. Akasema zilikuwa zake, za kweli, kwa sababu alishalitoa tangu wiki ya msiba na alikuwa hajui ataniambiaje, mvua ilipokuja akaona Mungu amemletea maneno.

Akaanza kunieleza, na hapa nitamsemea vizuri maana mie sina roho mbaya. Walipita watu kule bondeni wakiuliza nani ana kitu cha zamani cha wazee wake, kitawekwa makumbusho. Jirani huyu akaleta mkuki, yule akaleta kigoda, mwengine mganga akaleta mpaka vitu visivyotajika. Yeye akaingia ndani kwake akatafuta. Akakuta beseni la plastiki.

"Sie tulikuja na miguu tu," akaniambia. "Babu yangu alibeba mizigo ya watu toka Tabora mpaka pwani hii, na hakubaki na hata kamba ya kufungia. Nikasema na sie tuwemo mle ndani. Bao lilikuwa pale ukutani linanitazama."

Nisiwafiche, kidogo niliingiwa na huruma. Lakini nikamwambia, huyo babu yako umemtia ndani, na baba yangu je? Maana mle ndani sasa hakuna aliyewahi kuchonga kitu Chamazi. Hakuna mfenesi. Hakuna mtu wa mkono wa kushoto. Mama yangu hakuwahi kunyoosha kanzu, amegeuzwa simba. Umemchukua baba bao lake, halafu ukamchukua na yeye mwenyewe.

Akainamisha kichwa. Nikamwambia ainuke, twende kwa yule dada, amwambie mbele yangu bao hili ni la nani na limetoka wapi. Akainuka. Akapiga hatua kama tatu, akasimama, akasema hawezi. Akasema kijukuu chake kililetwa pale na shule, kikarudi nyumbani kinatembea kifua mbele, mtaa mzima kinawaambia wenzake babu wa babu yake alipigana na simba. Akasema niombe kitu kingine chochote, nichukue mbuzi, nichukue hata nyumba ile ya bondeni na maji yake. Lakini hilo la kuingia mle na kusema, hawezi.

Pale ndo moyo ulikatika. Kuiba mtani anaruhusiwa. Kunifanya mjinga mtani anaruhusiwa. Lakini kunitazama usoni, anajua ninachoomba ni jina la baba yangu tu, si bao, jina tu, halafu akaninyima, hiyo sio kwenye utani. Nikasimama, nikakung'uta majani kwenye kanzu. Binti akawa amesogea, amesikia. Akasema, baba mdogo, hata mie ukiniambia nitamweleza yule dada kwa upole. Mtani akatikisa kichwa.

Nikamwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nikasema kuanzia leo mie na wewe sio watani. Usinipigie simu, usinitanie njiani, usinisalimie kwa kunitukana kama ulivyozoea, nisalimie kama mgeni. Na siku nikifa usikanyage msibani kwangu. Kaburi langu usiingie, chombo changu usiguse.

Binti akaanza kulia. Watu waliotandika khanga wakageuka. Mtani akavua kofia, nikajua sasa ataniomba radhi, nikajiweka sawa kabisa niikatae. Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, halafu likamtoka:

"Nitakuja tu, na safari hii nakuchukua wewe mwenyewe, nakuweka kwenye kioo pembeni ya lile bao, nawaambia ulitoka Tabora kwa miguu na wewe!"