Chombo Kilichopigwa Mswaki

Majirani walimwita Fundi Makopo, naye jina hilo alilipokea kwa mikono miwili. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pasi na feni katika chumba cha mbele, na kifaa kilichokataa kupona alikisukuma uvunguni mwa kitanda. Kwa hiyo mwongozaji mmoja mwenye filamu kubwa na mfuko mdogo alipomwomba amuundie chombo cha anga, yeye aliinama tu, akaanza kuvuta.

Tumbo la chombo likawa chupa mbili za shampuu. Injini zikawa vifuniko vya dawa ya mbu, na mgongoni akabandika vitufe vya rimoti kimoja kimoja kwa kibano. Kisha akakichafua. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, na asiyejua asicheke. Kidude kisafi, jicho hukiona mwanasesere. Ukikipaka masizi, ukakidondoshea kutu chini ya kila bomba, jicho linadanganyika na kuona meli ya kubeba mji mzima.

Mama yake hakudanganyika. "Mwanangu, umri huu bado unacheza?" alikuwa akimuuliza kila akipita na ufagio. Fundi alijifanya hamnazo, lakini neno lilimchoma. Kichwa chake kilikuwa na mvi tayari, na bado alitamani mama aisifie mikono yake japo mara moja.

Asubuhi ya kupiga picha alitoka kutafuta balbu. Aliporudi alimkuta mama mkekani, beseni la povu pembeni, mswaki mkononi. Ubavu wote wa kulia wa chombo ulikuwa ukimeta kama sinki jipya.

"Ulitaka kukipeleka mbele za watu na masizi yale?" mama alisema bila kuinua uso. "Si watauliza kama huna mama?"

Fundi alifungua kinywa ili afoke. Kisha akatazama vizuri. Mswaki ulikuwa umepita katikati ya vitufe vyote, na hakuna hata kimoja kilichong'oka. Mama alikuwa amekilaza chombo mapajani kama anayeogesha mtoto mchanga. Mtu haoshi hivyo kitu anachokidharau. Akakifunga kinywa.

Mwongozaji alipofika alimwamkia mama kwa adabu, akauona ubavu, akashika kichwa. "Fundi, tumekwisha."

"Ubavu wa kushoto haujaguswa," Fundi alisema. "Kamera ione huo tu. Chombo kitakuwa kinaelekea kushoto."

"Filamu nzima? Na siku wasafiri wake wakirudi nyumbani je?"

"Wataendelea kushoto hivyo hivyo. Kwani dunia si duara? Watafika tu."

Mwongozaji akacheka mpaka akakaa chini, wakaanza kazi.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukuta wa ukumbi wa shule. Chombo kilipotokea, kikubwa, kichakavu, kikipita polepole kuelekea kushoto, minong'ono yote ilikatika. Nyuma ya Fundi na mama yake, mwanamume mmoja akamuuliza mwenzake, "Meli hii wameazima nchi gani?"

Mama akageuka, yeye na kiti chake. "Haijaazimwa. Ameitengeneza mwanangu huyu."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, ila Fundi alikuwa ameingoja tuzo hiyo nusu ya maisha. Kifua kilimjaa hata akashindwa kumnyamazisha mama, na watu wa mbele nao wakaanza kugeuka.

"Ile kutu mnaiona?" mama aliendelea, kidole kikielekea ukutani. "Kaipaka mwenyewe, tone kwa tone. Kazi hiyo."