Pua ya Mama Claire

Kambale akiiva juu ya moshi hutoa harufu moja tu ya kweli, na ufukoni Nchelenge aliyeijua ni Claire, waliyemwita Mama Claire. Hakutazama saa. Aliinama juu ya kichanja, uso karibu uguse samaki, akavuta pumzi, akasema "Bado" au "Toa". Wanawake wenzake hawakuepua samaki wao kabla ya kusikia neno lake.

Kwa hiyo mashavu yake yalipoanza kuwaka mekundu na kutoa vipele, na pua kuuma kama iliyopakwa pilipili, alinyamaza. Memory, jirani yake wa kichanja, alimwona.

"Claire, ile pombe unakunywa peke yako, utatugawia lini?"

"Siku nikikunywa, weye ndo utanibeba."

Alinunua krimu sokoni, ile ya kuahidi uso laini. Siku chache uso ukatulia; wiki ya tatu ukarudi na hasira. Ndipo akaenda kliniki.

Boyd, tabibu wa hapo, mzaliwa wa Puta, upande huu wa ziwa, aliyeokota Kiswahili kwa wavuvi wa ng'ambo, alisema ni rozasea, ugonjwa wa wekundu wa uso. Mzizi wake haujulikani vizuri, akaeleza, lakini kila mtu ana vichokozi vyake, na tiba hufuata hivyo.

"Dawa peke yake haitoshi, mama. Kwako ni kitu gani kinaamsha ule moto?"

Claire akataja jua. Akataja chai. Akaitoa ile krimu mfukoni, akakubali kuiacha. Kichanja hakukitaja. Alikificha kama mzazi anavyomficha mwanawe mtundu mbele ya mwalimu.

Akapewa dawa ya kupaka. Mwezi mzima alivaa kofia pana na kunywa chai baridi kama maji ya ziwa. Krimu iliachwa, jua likakwepwa, na uso uliwaka vilevile. Alirudi kliniki akiwa tayari kuilaumu dawa.

Boyd alimsikiliza hadi mwisho. "Mama, tangu uingie niko nasikia njaa. Juu ya nini?"

"Mi najua?"

"Juu kitenge chako kinanukia kambale."

Claire alitazama sakafu. "Nikikuambia, utanitoa kwa moto. Kule ng'ambo, Pweto, nilikuwa na shamba, na nyumba, na jina. Huku niko na pua tu."

Boyd hakucheka. Akaandika vidonge vya kutuliza vipele. "Pua baki nayo. Ni uso tu utoke pale kwa moto."

Siku hizi Claire anaketi kivulini, hatua kumi kutoka kwenye kichanja, uso umepoa. Memory humletea kambale juu ya kijiti, anamwekea chini ya pua.

"Bado."

Memory anarudi motoni, anakuja tena.

"Bado."

"Claire, zamani ulikuwa unatembea mwenyewe."

"Zamani nilikuwa mulevi. Geuza ule mukia."