Ubeti wa Pili

Vijana wa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, wananiita mzee wa rap. Wakiniletea suruali nipunguze kiuno, wanapiga ngumi kifuani kwa heshima: "Mzee, wewe njo ulianzisha hii kitu hapa kambini." Sikatai. Mtu akikuletea sifa pamoja na suruali, unapokea vyote, maisha magumu. Lakini neno hilo, kuanzisha, linanichoma. Aliyeanzisha alikuwa mwenzangu. Mwenzangu hayupo, na sauti yake nimeipoteza mimi, kwa kinywa changu mwenyewe.

Tulianzia Bukavu, Kongo, tukiwa wanafunzi, siku ambazo mtu akirap barabarani watu waliuliza kama ana malaria. Mi nilikuwa naiga Wafaransa wa redioni, neno kwa neno, nusu yake siielewi. Yeye akaniambia, "Wacha kunguruma Kifaransa ya batu. Tuongee vile bamama betu banaongeaka ku soko." Akaanza kurap Kiswahili chetu cha kule, kibovu kama wanavyosema wenye chao. Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, wakasikiliza. Alinizidi. Nilijua, na iliniuma.

Kaseti tulirekodi moja tu, katika chumba cha korali, kwaya ya parokia, mablanketi tumeyatundika ukutani ili sauti isirudi. Mdundo tulipigiwa na piano ya korali. Tulikuwa tumekubaliana ubeti wa kwanza uwe wake. Siku hiyo akachelewa, ndiyo tabia yake. Mama yake alishazoea kumfunikia chakula mpaka kipoe. Alipofika anahema, mi nilishasimama mbele ya mikro. Ningeweza kumpisha. Sikumpisha. Nikarap ubeti wa kwanza, na mwisho wake nikamwita: "Ndugu, ingia!" Akaingia. Jamani, aliingia! Mpiga piano alisahau vidole vyake, akabaki anarudia sauti mbili zilezile mpaka mwisho.

Miezi michache baadaye vita vikafika mtaani kwetu. Watu wenye bunduki walimtosha nyumbani asubuhi, chai yake iko mezani, mama yake anaona. Nasema walimtosha, na msomaji wa Dar au Mombasa anisamehe. Kwetu kutosha ni kutoa, kuondoa kitu mahali kilipo. Kitu kikiwa kiasi kinachohitajika, sisi tunasema kinaenea. Walimtosha, na hakurudi tena.

Mi nilikimbia na kaseti ndani ya soksi. Hapa Dzaleka, miaka ile ambayo hakuna aliyejua rap ni nini, nilirap kwenye harusi, kwenye uwanja wa mpira, hata nje ya kanisa, mchungaji akaja kunikemea kama pepo. Siku moja nikaalikwa Lilongwe, mtaa wa Area 36, Wamalawi wakaruka na mimi bila kuelewa hata neno moja, wakipiga kelele "Bwerezani!", yaani rudieni. Waliyotaka yarudiwe yalikuwa maneno ya ubeti wa pili. Nilikuwa naurap kama wangu. Hakuna aliyeniuliza, na mi sikusema. Jina langu lote la usanii lilikaa juu ya mgongo wa marehemu. Kisha sauti ikaharibika, watoto wakazaliwa, nikanunua cherehani.

Mama wa mwenzangu naye alifika kambini, miaka mingi baada yangu. Anakaa nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, na ananiita mwana, kwa kuwa nilikula sana kwake. Mwaka huu macho yake yamefunga kabisa. Nilimpelekea nsima, ugali wa hapa, hakuigusa, akanishika mkono. "Mwana, picha zake zote zilibakia kule. Na hata ningekuwa nazo, macho imekufa. Ile kaseti yenu ungali nayo? Nataka nisikie sauti yake. Mara moja tu, mbele nikufe."

Kaseti nilikuwa nayo, lakini utepe wake ulishakuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na mashine ya kuipiga sikuwa nayo. Nikaomba karatasi ya kutoka kambini, ya siku moja, nikaipeleka Lilongwe, soko la Tsoka, kwa fundi wa redio mmoja, Mrundi aliyekulia kambi za Tanzania. Kijana mpole, Kiswahili chake cha shule, kimepigwa pasi. Nikamweleza: beti mbili humu ndani, ihamishie kwenye flashi. Akasema mashine yake ya kaseti ataifungua kwanza aisafishe, niiache kaseti, atapiga simu. Karatasi yangu ilikuwa inaisha saa kumi na moja. Nikaiacha.

Kesho yake nikiwa kwenye cherehani, simu ikalia. Mtandao unakatika, mwanamke mbele yangu anagombania zipu. "Kaka," fundi akasema, "ubeti wa kwanza nimeupata mzima. Sasa mashine imeanza kuutafuna utepe. Itatosha?"

Nikasikia nilichozoea kusikia tangu tumboni mwa mama. Nilidhani anauliza kama autoe utepe humo ndani au auache. Nikapiga kelele mpaka yule mwanamke wa zipu akaruka: "Tosha! Tosha tu, ndugu!"

"Sawa, kaka," akasema. Hata akacheka kidogo, kwa kuona nina haraka.

Nilipopata karatasi nyingine zilishapita siku sita. Fundi alinipa flashi, imefungwa vizuri kwenye kipande cha gazeti. Nikauliza kaseti iko wapi. Akashangaa. Utepe ulikuwa umejisokota ndani ya mashine, akaukata kwa mkasi, akautupa na takataka, na takataka za Tsoka zinachomwa. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, Kifaransa na Mashi, nikamalizia na Kichewa kidogo nilichonacho, watu wakajaa mlangoni. Akangoja nimalize. Halafu akasema polepole, bila kiburi, "Kaka, nilikuuliza kama itatosha. Si ulisema tosha?"

Nikakaa juu ya ndoo yake. Mwenzangu alinifundisha nijivunie Kiswahili cha mama zetu, na kwa Kiswahili hicho hicho nikamfuta. Aibu ile sijui niifananishe na nini. Nililia mbele ya kijana wa watu, akanipa maji, nikamwambia zikomo, asante ya huku, nikaondoka.

Njiani nilipanga uongo. Vijana wa miaka kumi na nane sauti zao hukaribiana, na mama haoni. Nitamwambia: huyu ndiye yeye. Si nilishazoea, miaka yote ile, kufanya chake kiwe changu? Safari hii ningefanya changu kiwe chake. Niliona hata ni haki.

Nilimkuta mama amevaa kitenge cha kanisani. Majirani nao wamekaa, kama matanga. Nikachomeka flashi kwenye redio, nikaiweka magotini pake. Piano ikaanza, akaegemea. Baada ya maneno matatu tu akatabasamu. "Huyu ni wewe," akasema. "Vile ulikuwaka na kelele!" Watu wakacheka. Uongo wangu ukafia hapo.

Akausikiliza ubeti wote, mkono juu ya redio. Nikajisikia kijana, nasema kwa ujeuri, sijui kitu. Mwisho nikaita: "Ndugu, ingia!" Ikalia tiki. Kimya.

Jirani akanyoosha mkono azime, mama akamzuia. "Ngojeni. Ule mutoto alikuwaka anachelewa."

Tukangoja. Nilishindwa kuvumilia. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: utepe, simu, fundi, neno langu. Sikujitetea. Mbele ya mtu wa kwetu neno lile halihitaji kuelezwa, alilielewa kabla sijamaliza.

Kidole cha mama kilikuwa kinatafuta kitufe cha kurudisha nyuma, hakijui kiko wapi.

"Kumbe bamemutosha tena," akasema.

Nikamshika kidole, nikakiweka kwenye kitufe.