Viatu vya Kanisani

Juzi, nikibishania bei ya ndizi sokoni Kakamega, nilimwona mama mmoja amebeba mgongoni msichana mkubwa, miguu ikining'inia. Nikasahau kupunguziwa.

Nilipokuwa mtoto, dada yangu Khasandi hakuweza kukaa wala kumeza vizuri. Mama alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akimsugua koo, kutwa nzima. Alasiri moja, watu wote wakiwa wameenda uwanjani kushangilia uhuru, Mama alivaa viatu vya kanisani, akanipa kijiko.

“Msugue koo, uhesabu. Usimwache.”

“Unaenda uwanjani, Mama?”

“Naenda tu, mwanangu.”

Nilihesabu kila kijiko mara mbili kwa woga. Uji ulinuka moshi. Ngoma zilisikika kwa mbali. Kupitia mlangoni nikamwona, furushi kichwani, akishika barabara ya Kisumu. Nilicheka.

“Mama! Uwanja uko huku! Umepotea kama mgeni!”

Alisimama muda mrefu bila kugeuka. Kisha akarudi, akavua viatu, akafungua furushi, akazitundika tena nguo zake zote, moja moja.

“Amemeza vijiko vingapi?”

“Kumi na tisa.”

“Basi bado,” akasema, akakaa.

Nami nikatoka nje kuwasimulia majirani waliokuwa wakirudi jinsi nilivyomwonyesha mama yangu njia.