Lango la Mwezi

Nikisikia nyundo ikigonga tofali la kuchoma, ndugu zangu, moyo unaniruka hadi leo. Narudi Bariadi nikiwa na miaka tisa, nimesimama kwenye vumbi namwangalia marehemu baba.

Ulikuwa msimu ambao wanunuzi binafsi walianza kuja na malori yao kuchukua pamba. Mmoja alimpa baba kalenda ya Kichina: bustani, maji, na katikati ya ukuta lango la duara, duara kabisa, juu mpaka chini. Baba aliipenda kalenda ile kuliko hata bei ya pamba. Alifyatua matofali, akayachoma, akamwita fundi, wakajenga lango kama lile kwenye ua wetu wa minyaa. Kipya kinyemi! Watu walitoka hadi Ngulyati kuja kuchungulia. "Mwezi umeangukia kwa Masunga," walisema, na baba akatembea kifua mbele.

Mama peke yake ndiye aliyeuliza, "Baba Milembe, na ng'ombe watapita wapi?"

"Ng'ombe wana miguu."

Wetu wachache walikuwa wakichungwa kwa baba mkubwa, kwa hiyo hakuna aliyejaribu. Pengo la zamani baba alishaliziba kwa minyaa, ili kila mgeni apitie langoni.

Basi, wakaja ng'ombe wa mahari ya dada yangu Milembe. Dume la mbele likanusa kile kizingiti kilichopinda, likapiga kwato, likageuka. Wakachapwa, wakapigiwa miluzi, wapi! Mshenga akabana fimbo kwapani.

"Mzee, ng'ombe wakiikataa kaya, sisi tunarudi nao."

Hakuwa anatania. Mahari ikirudi ilikotoka, ndoa nayo imerudi. Milembe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kitenge chake kipya. Alimpenda yule mchumba wake wa Ngulyati, jamani! Baba alimtazama, akalitazama lango, akaenda kuchukua nyundo.

Alivunja nusu ya chini peke yake, akakataa msaada. Machozi yalimtoka, akasema ni vumbi. Nilidhani analilia matofali, maana mimi nililia kwa ajili hiyo. Ng'ombe wakaingia, vigelegele vikapigwa. Siku Milembe anaondoka, baba alimfungia matofali matatu kwenye kanga kuukuu, yawe mafiga. Nilicheka. Kwani Ngulyati hakuna mawe?

Lango lilibaki nusu. Miaka mingi baadaye Wachina wakaja kujenga lami, na mpimaji wao mmoja akasimama mbele ya ua wetu kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Kwao, aliniambia kwa Kiswahili cha kuokoteza, bustani nyingi zina lango hilo.

"Mwezi mzima. Watu wote nyumbani." Kisha akaonyesha chini. "Ingine wapi?"

Nikayakumbuka yale matofali matatu ya Milembe. Jumapili ile nikaenda Ngulyati. Milembe alikuwa anasonga ugali juu ya matofali yale yale, meusi tii, moja limemeguka.

"Dada, hata jiko la mkaa umeshindwa kununua?"

"Ninalo, lipo nje linanyeshewa." Aliendelea kusonga. "Baba aliniambia siku ile, ukipikia haya, bado unakula kwetu."

Miaka yote hiyo sikujua. Nikanawa mikono, nikakaa karibu na moto, nikala.